Deski za Kuazima

Wenzangu mnaobaki kwa ofisi ya ukaguzi wa shule, mliniomba niandike kitu kabla nisahau. Sijazoea kuandika mambo yangu. Miaka yote nimeandika mambo ya shule za watu: choo ni ngapi, mlango uko au hauko, mwalimu amefika au ametuma salamu. Nimeacha kazi nikiwa na miaka arobaini na nane, mapema kuliko nilivyopanga, kwa sababu macho yamekataa. Daktari alisema presha ya macho imekula sehemu kubwa, na fomu zetu mnazijua, herufi ni ndogo kama mbegu ya wimbi. Hii naandika kwa kalamu nene, binti yangu ataichapa. Mambo ya vyeo na mshahara sitaandika. Hayo mnayajua, na wengine wenu mnayalilia kila mwisho wa mwezi.

Nilianza kazi kwa jiko la ofisi, hapa Busia mjini. Nilikuwa nimeacha shule Fomu Tu, kidato cha pili, nikaolewa, na nilikuwa na watoto wawili. Kazi ilikuwa kufagia na kupika chai. Ikifika jioni nilikuwa naenda masomo ya watu wazima, yale watu wanaita gumbaru, kwa darasa la shule ya msingi. Tulikaa kwa viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni, mwanamume mmoja wa kuuza samaki akilala kabisa na mwalimu akimwachilia kwa sababu alikuwa ameamka saa tisa usiku. Nilifanya mtihani wa Fomu Foo mtoto wangu wa tatu akiwa na miezi minne. Nikapita. Si sana, lakini nikapita, na Jumapili nikapeleka kuku kanisani kumshukuru Mungu.

Mtu aliyenitoa jikoni ni Mzee Omuse. Wengi wenu hamkumpata. Alikuwa afisa wa ukaguzi, Mteso kwa kabila, wa Angurai, mtu mrefu asiyependa maneno mengi. Siku moja nilipokea simu yake na nikaandika ujumbe kwa karatasi. Aliporudi akaisoma, akaisoma tena, akaja mpaka jikoni.

"Mama, huu mwandiko ni wako?"

"Ni wangu, mzee."

"Unasomeka kuliko wa karani. Kesho vaa viatu vya kutembea."

Siku hiyo ya kwanza tulienda shule moja huko Marachi, upande wa kwetu nilikozaliwa. Nilikuwa nimebeba faili kwa kifua kama mtoto mchanga. Hedimasta alikuwa ametandika kitambaa mezani, soda zimepangwa, na nyuma ya jiko kuku walikuwa wananyonyolewa.

"Karibuni ofisini kwanza, mzee," akasema.

"Ofisi haitoroki," Mzee Omuse akamjibu. "Choo ndio kinaweza kufungwa nikichelewa."

Tukaenda choo. Mzee hakuangalia rangi ya ukuta, ilikuwa imepakwa wiki hiyo. Aliangalia njia. Akanionyesha kwamba njia ya kuenda choo cha wavulana ilikuwa imekanyagwa mpaka ardhi inang'aa, na ya wasichana ilikuwa imeota nyasi. "Andika wasichana hawatumii hiki choo," akaniambia. "Halafu tutauliza ni kwa nini." Tulipouliza tukapata mlango haukuwa na komeo ndani. Kitu kidogo cha duka la vyuma, na wasichana wote wa darasa la saba na la nane walikuwa wanarudi nyumbani saa sita wasirudi tena.

Hivyo ndivyo alivyonifunza. Choo, maji, na daftari la mtoto anayekaa nyuma kabisa. Mfereji ufungue mwenyewe na uhesabu mpaka ishirini, kwa sababu kuna mifereji inatoa maji ya wageni halafu inakohoa. Daftari la nyuma litazame tarehe ya mwisho yenye wino mwekundu. La mbele utaonyeshwa bila kuuliza. Na mtoto usimuulize kama mwalimu anakuja, kwa sababu atasema ndiyo. Muulize jana mlisoma nini baada ya chakula. Kama hakuna kitu walisoma, ataangalia juu kwa mabati akitafuta.

Vyombo vyangu vilikuwa vichache. Tochi ya choo. Gambuti, kwa sababu barabara za Teso Kusini wakati wa mvua hazina heshima kwa kiatu. Fita ya fundi cherehani ya kupima madarasa, maana ile ya chuma ya ofisi ilipotea kabla nije na inatafutwa mpaka leo. Na rozari mfukoni, hiyo haikuwa ya ofisi. Kila shule kabla nishuke kwa boda nilikuwa naomba nione vizuri na niandike vizuri. Kuku sikuwa nakula mpaka fomu iwe imejaa. Mzee Omuse alikuwa anakula kwanza na bado anaandika ukweli, lakini mimi sikujiamini hivyo.

Halafu junia ikaja, ile sekondari ndogo ya Gredi 7 mpaka 9. Mnakumbuka ule mwaka Gredi 7 ilianza ndani ya shule za msingi. Watoto wakubwa, masomo mapya, sayansi ya kutumia vifaa, na mahali ni pale pale pa zamani. Kazi yetu ikawa mara mbili, na Mzee Omuse akawa ametimiza miaka yake, akaenda nyumbani. Shule zake zikagawanywa. Mimi nikapewa kukagua peke yangu, na ya kwanza ilikuwa shule moja ya upande wa Adungosi. Jina naliacha. Walio karibu wataijua.

Hedimasta wake alikuwa Mwalimu Ekisa, mtu mpole, mzee wa kanisa kwao. Alinipeleka mpaka darasa la junia. Nikapata deski za kutosha kila mtoto, imara, zimepangwa kwa mistari. Kwa meza ya mbele kulikuwa na maikroskopu imefunikwa kitambaa cheupe kama ekaristi. Kando yake sanduku la vifaa vya sayansi, limejaa. Nilifurahi sana. Nilisimama pale na faili yangu kama mtu mkubwa, nikahesabu, nikapima, nikaandika kwa ile sehemu ya vifaa: zinatosha. Niliomba na watoto, nikapanda boda nikirudi Busia nikiimba.

Sasa lazima niwaeleze kitu ambacho ninyi wa kutoka mbali mnaweza kukosa. Huku kwetu, Marachi na Teso yote, mtu akifa hakuna nyumba inayozika na viti vyake peke yake. Viti vinatoka kila boma, na sufuria, na mabenchi ya kanisa. Kila mtu anaweka alama yake chini ya kiti, ndio virudi salama: mwingine anapaka rangi, mwingine anapigilia kipande cha bati. Kukataa kuazima mtu kiti ni aibu utakayozikwa nayo. Shule zetu zinaongozwa na watu wa hapa hapa. Kwa hivyo wakaguzi wakija, shule moja inaomba nyingine deski, vitabu, hata mwalimu. Hakuna anayeona ni uongo. Wanaona ni ujirani. Na mimi, mtu wa hapa, niliyebeba viti kichwani kwa matanga tangu nikiwa msichana mdogo, sikufikiria hata mara moja kwamba deski inaweza kuwa ya matanga.

Nilirudi hiyo shule mwaka wa tatu wa junia. Macho yalikuwa yameanza kunisumbua, sikuweza kuandika nikiwa nimesimama. Kwa hivyo nikakaa kwa deski ya nyuma, kando ya wasichana wa Gredi 8. Mkono wangu ukaenda chini ya mbao, vile mama yeyote wa huku anafanya akikalia kiti kisicho chake. Nikagusa kipande cha bati. Kilikuwa na misumari minne na herufi zimechongwa. Jumanne ya wiki hiyo hiyo nilikuwa nimekagua shule ya jirani, na deski zao zilikuwa zimepinduliwa kwa kufagia, zote na hicho kipande. Nilikuwa nimezihesabu. Sasa nilikuwa nazihesabu tena Ijumaa.

Nilimgeukia msichana wa karibu. "Unaitwa nani, mama?"

"Amoit."

"Hapa ndipo unakaa kila siku?"

Aliangalia mlango kwanza. "Leo nakaa hapa."

"Na jana?"

"Kwa jerikeni yangu."

Mwenzake akacheka. "Yake inavuja, madam. Anatoka na sketi imelowa kama mtu wa kuvuka mto."

"Wewe yako haina hata kifuniko," Amoit akamwambia bila kumwangalia.

Ikabidi wanieleze. Kila mtoto alikuwa anakuja na jerikeni ya maji asubuhi. Maji yanaenda jikoni, jerikeni inakuwa kiti mpaka jioni. Deski walikuwa wamezibeba jana yake, wao na wazazi, na walikuwa wameonywa wasiziandike kitu kwa sababu kesho zinarudi.

"Na maikroskopu?"

"Hiyo hatujaigusa," Amoit akasema. "Imekuja na mwalimu wake."

Nilienda ofisini. Mwalimu Ekisa alikuwa amemimina chai.

"Mwalimu, deski ni za nani?"

Hakujifanya. "Leo ni zetu."

"Na zile za mara ya kwanza?"

"Zile zile." Akasukuma kikombe upande wangu. "Dada, ukiwa na matanga kwako, viti vya jirani vinaitwa uongo?"

"Matanga haina fomu, mwalimu."

"Sawa. Basi andika hatuna. Ukiandika hatuna, watafunga junia. Hawa wote wataambiwa waende ile shule ya barabara kuu, kilomita saba, pale malori yanapanga foleni ya mpaka wa Malaba. Hao wasichana watafika huko siku ngapi kwa wiki? Wewe ni mama. Niambie."

"Na nikiandika mnazo?"

"Watasoma."

"Wakikaa wapi?"

Alifunika birika. Halafu akasema kwa sauti ya chini, si kwa ubaya, "Mara ya kwanza uliandika zinatosha, na hakuna mtu alikufa."

Chai sikuinywa. Nilirudi ofisini kwetu Busia na fomu ikiwa nusu, nikatafuta ile orodha ya shule zilizogawiwa deski na masanduku ya sayansi. Nilishika karatasi karibu na dirisha ndio nione. Jina la shule ya Mwalimu Ekisa lilikuwa pale, limepigwa mstari. Kando yake mtu alikuwa ameandika: wanazo, angalia ripoti. Ripoti ilikuwa yangu. Miaka miwili watoto walikuwa wamekalia jerikeni kwa sababu ya neno moja niliandika nikiwa nafurahia kuitwa mkaguzi.

Jumamosi nikapanda boda mpaka Angurai kwa Mzee Omuse. Nilimkuta uani anamenya muhogo na mke wake. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisu hakikusimama.

"Umekuja kuniuliza," akasema, "ama umekuja niseme ni sawa?"

"Sijui, mzee."

"Kama ni ya pili ungenipigia simu, ungeokoa nauli."

Mke wake akamwambia amwache mama wa watu apumzike. Akaniletea maji.

"Mzee, wewe ulijua wanaazimana?"

"Nilijua. Kila mkaguzi aliyezaliwa huku anajua, au amekataa kujua."

"Mbona hukunifunza?"

Hapo kisu kikasimama. "Ningekufunza kuita jirani mwema mwizi? Tena nilikuwa naogopa. Nikiwa kijana niliandika shule moja ikafungwa. Mpaka leo nikipita hapo naangalia upande mwingine wa barabara." Akachukua muhogo mwingine. "Mimi niliacha kuangalia chini ya deski. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi yangu sikukupatia. Lakini ukiandika, mama, andika na kosa lako. Usimwachie Ekisa abebe peke yake."

Jumapili nilipiga magoti baada ya misa mpaka watu wakatoka wote. Niliwaza Amoit akitembea kando ya malori, nikawaza Amoit kwa jerikeni inayovuja, na picha zote mbili nilikuwa nimezichora mimi. Kitu kimoja tu kilinikaa: hakuna mtu atamletea deski mtoto ambaye karatasi inasema amekalia deski.

Jumatatu asubuhi nikachukua rula. Ile sehemu ya fomu ilikuwa na chumba kimoja cha kuandika namba. Nikakigawa na mstari. Upande mmoja nikaandika za shule, upande wa pili za kuazima. Za shule zilikuwa tano, moja haina mgongo. Kwa maoni nikaandika kwamba ripoti yangu ya kwanza ilihesabu vitu vya kuazima kama vya shule, kwamba kosa ni langu, na kwamba naomba hii shule ipewe deski kwanza kabla ya kufikiria kuifunga. Nikaweka sahihi.

Mkubwa wangu aliishika fomu kama kitu kilichomwagikiwa chai. "Mama, hii fomu haina hii sehemu."

"Sasa iko nayo."

"Unajua utaitwa ujieleze."

"Najua."

Niliitwa. Nilijieleza. Barua ya onyo iko kwa faili yangu mpaka leo, mnaweza kuisoma, imeandikwa kwa adabu.

Sitawadanganya kwamba ukweli ulifanya kazi haraka. Junia ilifungwa mwisho wa muhula. Sehemu ya kufunga ilisomwa mbio, sehemu ya kuomba deski ilisomwa polepole. Watoto wakapewa barua za kuenda shule ya barabara kuu. Wengi walienda. Wachache hawakufika kabisa, na Amoit alikuwa mmoja wao. Mwalimu Ekisa tulikutana kwa mazishi mara mbili, na mara zote mbili alinisalimia kwa kichwa tu. Sikumlaumu.

Kitu kingine kilianza pole pole. Wenzangu wawili waliona ule mstari wangu wakaanza kuuchora kwa fomu zao. Ndipo ikajulikana kwamba ile maikroskopu moja ilikuwa imehesabiwa kwa shule nne, kila mahali ikifika na mwalimu wake. Kwa karatasi tulikuwa na vifaa kila mahali. Kwa ukweli tulikuwa na kitambaa cheupe na boda ya kukibeba. Orodha ikaandikwa upya. Ile sehemu ya za kuazima ambayo ninyi mnaikuta imechapwa kwa fomu, mkidhani ilikuwako siku zote, ilitoka hapo. Tafadhali msiiruke. Na msiijaze kwa hasira pia. Muulize hedimasta ameazima kwa nani, halafu uandike na huyo aliyempa, kwa sababu naye akishampa amebaki na watoto chini.

Deski zilifika Adungosi likizo ya Desemba mwaka huo huo, na junia ikafunguliwa tena Januari. Nilienda kuiona kabla ya kutoa barua yangu ya kuacha kazi. Haikuwa kazi ya kukagua, nilienda kama mimi. Mwalimu Ekisa alinifungulia geti mwenyewe. Tulitembea mpaka darasani. Akanionyesha sanduku la sayansi likiwa limefunguliwa, vioo viwili vimevunjika, na nikafurahi vimevunjika, kwa sababu maana yake watoto wanavigusa.

Gredi 8 walikuwa wanangoja mwalimu wa hesabu. Msichana mmoja alikuwa anawapita wengine kwa urefu. Nilisogea karibu kabla nimtambue.

"Amoit."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Uko Gredi ya ngapi?"

"Nane," akasema. "Tena."

Nikamuuliza alikuwa wapi huo muda wote. Alikuwa amepelekwa kwa shangazi yake ng'ambo, upande wa Uganda, kulea mtoto, kwa sababu ile shule ya barabara kuu mama yake alikataa. Aliposikia wamefungua, akaomba arudi. Ilichukua siku nyingi kuomba.

"Mwalimu alituambia ni wewe uliandika, tukafungiwa," akasema. "Ni ukweli?"

"Ni ukweli."

"Na akasema ile mara ya kwanza uliandika tuko na deski."

"Hiyo pia ni ukweli."

Akafikiria. Hakuwa na hasira, alikuwa anapiga hesabu tu, polepole, vile mtoto anafanya akitaka kuwa na hakika kabla aandike jibu.

"Sasa ungeandika vizuri hiyo mara ya kwanza, saa hii ningekuwa Gredi 9."

"Ndiyo," nikamwambia. "Ungekuwa."

Nilibaki nimesimama mbele ya deski yake. Mwalimu wa hesabu aliingia, akanisalimia, akafuta ubao na kuanza kuandika. Watoto wakafungua madaftari.

"Mama," Amoit akaniambia, kwa heshima, "sogea kidogo. Umenizibia ubao."

Nikasogea.